Kilomita Arobaini na Moja hadi Falpaun

Ijumaa, 8 Februari

Nimenunua daftari hili kwenye kiduka cha hospitali. Lina picha ya paka kwenye jalada, hakukuwa na jingine. Nina miaka hamsini na sita na naandika juu ya paka! Lakini nisipoandika nitapasuka.

Daktari Lanthaler kaniita koridoni. Moyo wa Mama umechoka. Maji yanajaa mapafuni, wanayatoa, yanarudi. Nikamwuliza siku ngapi. Akatazama viatu vyake. Wiki moja, akasema, na akibahatika, zaidi kidogo.

Nimerudi chumbani nikamkuta Mama kakaa kitako, kofia ya karatasi kichwani. Ni majira ya karnivali, manesi wanawavisha wagonjwa wote, eti wachangamke. "Roswitha," kasema, "mimi nataka kulala nyumbani." Basi. Hakulia wala hakubembeleza. Kasema kama mtu anayeagiza chai.

Nyumbani ni Falpaun, kijiji cha mlimani ambako wageni huja kuteleza kwenye theluji. Kilomita arobaini na moja kutoka kitanda hiki hadi mlango wa nyumba yetu, na kumi na saba za mwisho ni kona tupu. Haya. Kazi yangu kule Linz ni kupanga mabasi ya shule. Miaka ishirini na miwili, watoto mia tisa kila asubuhi, hajapotea hata mmoja. Nitashindwaje na bibi mmoja wa kilo arobaini na nne?

Jumamosi, 9 Februari

Mjinga mimi! Mjinga, mjinga, mjinga!

Saa mbili asubuhi daktari katoa ruhusa. Nesi Mirjana kamwosha Mama, kamvika, kamfunga shali. (Mirjana ni Mbosnia. Mikono ya mwashi, roho ya malaika.) Mimi nikapiga simu ya teksi. Dereva kacheka mpaka kakohoa. Leo? Jumamosi ya Februari? Hata Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, angengoja Jumapili, dada yangu!

Na mimi nimezaliwa kule! Mtoto wa Falpaun analijua hili kabla hajaijua Baba Yetu: Jumamosi haendi mtu popote. Wageni wa wiki iliyopita wanashuka wote, wageni wa wiki mpya wanapanda wote, na barabara ni moja. Miaka thelathini ya Linz imenitoa akili.

Nikang'ang'ania. Nikapata dereva mwingine, kijana asiye mwenyeji, akakubali. Masaa mawili tumekwenda kilomita sita. Magari yameshikana mkia kwa pua, mbao za kuteleza juu ya paa, watoto wanakojoa kando ya barabara. Mshale wa mtungi wa oksijeni ukashuka hadi kwenye nyekundu. Tukageuza.

Jua lilikuwa linawaka siku nzima. Siku moja safi, na nimeitupa. Mama hakulalamika. Alikuwa akisoma namba za magari dirishani: Mholanzi, Mdenmaki, Mjerumani, Mholanzi tena. "Wamejaa," akasema, kafurahi. "Msimu mzuri huu."

Kitanda chake walikuwa hawajakitandika hata. Tukamrudisha palepale.

Jumapili, 10 Februari

Nimempigia Gebhard.

Gebhard ni mdogo wangu, na nyumba ni yake. Kwetu nyumba haigawanywi. Mmoja anapewa yote, wengine wanapewa baraka. Mimi nilipewa baraka na kabati. Sina kinyongo. (Ninacho.) Watu wanaiita nyumba yetu Msumenoni kwa sababu babu alikuwa akipasua mbao pale. Siku hizi ina vyumba kumi na viwili, na bafu la mvuke.

Nikamwambia: andaa chumba cha Mama, naja naye. Nikasikia vyombo vinagongana jikoni kwake.

"Dada... namba nne ina watu."

"Watu gani?"

Familia ya Rotterdam. Baba, mama, watoto wawili. Mpaka Jumamosi ijayo.

Chumba cha Mama! Kitanda alichotuzalia! Nikarudi kuwa na miaka minane: Desemba ikifika Baba anabeba vitanda vyetu kwenda chumba cha kupigia pasi, kule nyuma karibu na boila, na familia nzima inabanana humo mpaka Pasaka, harufu ya mashuka yaliyochemshwa puani, huku Wajerumani wanakoroma kwenye vitanda vyetu. Siwezi kusahau. Nilipopata chumba cha kupanga Linz, nililala mwezi mzima nikitabasamu kwa sababu Desemba ilikuja na hakuna aliyenihamisha.

"Watoe," nikamwambia.

"Niwapeleke wapi? Falpaun nzima imejaa mpaka mabanda ya ng'ombe."

"Basi potelea mbali na wageni wako!" Nikakata simu. Nilikuwa kwenye korido ya hospitali, mzee mmoja mwenye dripu akanitazama kwa huruma.

Jioni theluji imeanza kuanguka, ile nene.

Jumatatu, 11 Februari

Theluji. Imefika kiunoni mwa sanamu ya Bikira pale uani.

Ofisi ya ambulansi. Mama mmoja, miwani kwenye mnyororo. Anasema ambulansi inatoa mtu nyumbani kuleta hospitali. Kutoa hospitali kurudisha nyumbani, kuna fomu. Nikajaza. Nyumbani kuna ngazi ngapi? Nne. Kuna mtu aliyesomea uuguzi? Nikaandika jina la wifi yangu Silke, aliyewahi kusomea huduma ya kwanza kwa ajili ya leseni ya gari. Mungu anisamehe.

Wametupa kesho, saa nne asubuhi. KESHO SAA NNE! Nimembusu yule mama wa miwani. Hakupenda.

Mama kala supu, vipande vya chapati kavimaliza vyote. Kauliza kama kule juu nako kunaanguka. Nikasema kunaanguka. Akatikisa kichwa kwa furaha: "Watapata cha kutelezea."

Jumanne, 12 Februari

Barabara imefungwa.

Saa kumi na moja alfajiri wamefunga. Kamati ya maporomoko ya theluji imekaa, imepima, imefunga. Hakuna gari linalopanda wala kushuka, "hadi taarifa nyingine". Mirjana kaniletea habari pamoja na kahawa. Mama alikuwa tayari kavaa viatu.

Sasa niandike nilichofanya, nikione kwa macho yangu.

Kamati ile si ya serikali kuu, wala si ya maprofesa. Ni watu sita wa Falpaun. Mwongoza watu milimani, msimamizi wa magari ya kebo, fundi bomba, kama hao. Na Gebhard. Miaka kumi na minne sasa Gebhard yumo. Sahihi yake iko kwenye karatasi ya kufunga barabara. Nimeisoma kwenye simu: jina letu, mwandiko wa darasa la pili.

Nikampigia. Sikumsalimu.

"Umefunga barabara ili Mama asije."

"Nini?"

"Chumba umekipangisha, mama mzazi anakuja, huna pa kumweka, basi umefunga barabara! Rahisi!"

Nilisikia upepo kwenye simu, alikuwa nje. Halafu akasema polepole, "Dada, kuna mita moja na nusu ya theluji mpya juu ya Ukuta wa Mbuzi. Unajua kilichoko chini ya Ukuta wa Mbuzi." Akakata yeye.

Najua. Barabara yetu inapita chini ya mteremko ule. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba ndiye alikuwa kwenye kamati. Ilikuwa Jumamosi, mahoteli yanapiga kelele, wageni wamekaa juu ya masanduku, na saa sita mchana wakafungua kwa sababu wageni wana treni ya kuwahi. Gari la kwanza kupita ni la kuondoa theluji, na dereva wake ni Mjomba Serafin, mdogo wake Mama. Walimpata kesho yake, chini ya theluji ya Ukuta wa Mbuzi. Baba hakukaa tena kwenye kamati yoyote, hata ya kwaya.

Ninayajua yote hayo na bado nilisema niliyosema.

Mama alikuwa amesikia. Ukuta wa hospitali ni karatasi. "Kamwombe radhi mdogo wako," kasema. Nikasema kesho. "Mimi sina kesho nyingi za kukugawia," kasema, kageukia ukutani. Sijapata kuchapwa kofi kali kama hilo.

Nimempigia. Hapokei.

Jumatano, 13 Februari

Usiku alibanwa. Midomo ya bluu. Wametoa maji lita moja na nusu. Asubuhi yuko kama kitambaa kilichokamuliwa. Daktari kasema: kama mna la kufanya, lifanyeni.

La kufanya! Nifanye lipi?

Ofisi ya helikopta. Nayaandika maongezi haya kwa sababu hakuna atakayeniamini:

"Mgonjwa yuko katika hatari ya kufa?"

"Ndiyo!"

"Basi tunamchukua tunampeleka hospitali."

"Yuko hospitali."

"Sasa tatizo liko wapi, mama?"

Nikaeleza. Akasikiliza kwa adabu, kijana mzuri. Wao hawampeleki mtu kufa, wanampeleka asife. Na hata wangetaka, upepo ni mkali mno. Nikamshukuru. Nikaenda chooni nikalia mpaka mtu akagonga.

Nimewaza farasi. Kweli, nimewaza farasi na gari la kuburuzwa kwenye theluji! Nimewaza kumfunga mgongoni. Baba alimbeba ndama mgongoni kutoka malishoni, na ndama ni mzito kuliko Mama. Lakini njia ya miguu inapita chini ya Ukuta wa Mbuzi vilevile.

Mchana Mirjana kakaa nami kwenye ngazi za dharura, anavuta sigara. Kauliza: upande wa pili wa mlima kuna nini? Nikasema kuna Gamplin. Na Gamplin barabara imefungwa? Nikamtazama. Haijafungwa. Gamplin bonde lake ni pana, halina Ukuta wa Mbuzi. Na kutoka Gamplin kuna gari la kebo, kibanda kinachopanda kwa waya, mpaka mgongoni mwa mlima, na mgongo ule upande huu ni Gamplin, upande ule ni Falpaun! Wageni wanapita hapo kila siku, asubuhi wanateleza kwenda Gamplin kula keki, jioni wanarudi. Wageni wanapita! Na mimi, mwenyeji, mpangaji wa usafiri, nimekaa siku tano nakodolea barabara moja macho. Kwa sababu kwetu mtu wa Falpaun hapiti Gamplin. Tangu ule ugomvi wa malisho wa enzi za babu wa babu, Gamplin kwetu ni kama haipo.

Nimempigia Vinzenz. Ndiye mkuu wa kituo cha chini pale Gamplin, tulisoma sekondari moja bondeni. Aliwahi kuniandikia barua ya mapenzi yenye makosa kumi na moja, na mimi nikamrudishia nimeyasahihisha. Nilidhani atanikatia simu. Kasema: "Roswitha! Bado unasahihisha watu?" Akasikiliza. Kisha: Ijumaa upepo utapungua. Mlete Ijumaa. Ila kutoka mgongoni kushuka Falpaun hakuna kebo, kuna waya wa kuwavuta watelezaji juu na mteremko tu. Utahitaji trekta la theluji lije kumpokea juu.

Trekta la theluji Falpaun wanaoliendesha ni wawili. Mmoja ana mguu wa plasta. Wa pili ni Gebhard.

Alhamisi, 14 Februari

Gebhard kapiga mwenyewe, saa moja asubuhi. Vinzenz kamwambia. Gamplin na Falpaun wanaongea, dunia inakwisha.

Sauti kavu. Upepo ukiwa chini ya kilomita sitini kwa saa, atakuwa juu mgongoni na trekta kuanzia saa sita. Kafunga godoro nyuma ya kiti. Kaweka blanketi za umeme. Silke kachemsha mchuzi.

Nikataka kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yalikuwa mdomoni. Halafu akasema: "Na chumba cha pasi nimekisafisha."

Chumba cha pasi!

Nikasahau radhi zote. Nikamwambia mwanamke aliyeijenga nyumba ile kwa mikono yake, aliyefua mashuka ya nusu ya Ulaya, hafi kwenye chumba cha pasi kama paka. Kitanda chake! Chumba chake! Dirisha lake linaloangalia kanisa!

"Muulize Mama anataka chumba gani," akasema Gebhard.

"Simuulizi mtu anayekufa maswali ya kijinga."

"Muulize tu, dada."

Sikumuuliza. Nimeshinda nikikimbizana na vitu: mitungi miwili, na wa tatu wa akiba, kiti cha magurudumu chembamba kinachopita mlango wa kibanda, sindano, karatasi. Mirjana kachukua siku yake ya mapumziko kuja nasi. Nilipotaka kumshukuru kasema nyamaza, nina mama kwetu Tuzla nisiyeweza kumfikisha popote.

Daktari Lanthaler kaniambia tena, na kaniandikia, na kanisomea alichoandika. Mgongo wa mlima uko mita elfu mbili mia nne na themanini. Kwa moyo huu, hewa ile... Hakumaliza. Mama kasaini mwenyewe. Jina zima, Kreszenz, herufi zimesimama wima kama askari.

"Daktari," kasema, "wewe umewahi kulala kwenye kitanda hiki?"

"Hapana, bibi."

"Ndiyo maana."

Ijumaa, 15 Februari

Asubuhi. Anga safi! Barabara ya Falpaun bado imefungwa, ya Gamplin wazi. Mama kaomba achanwe nywele na kusukwa taji. Mirjana kasuka vizuri kuliko mimi.

Saa saba mchana. Tumefika Gamplin, kituo cha chini. Hakuna kebo. Upepo ulipanda saa sita, wamesimamisha. Vinzenz kanenepa, kapata mvi, macho yaleyale. Kamshika Mama mkono kwa mikono miwili, kamwita Mama Zenzi wa Msumenoni, kama anavyoitwa kwetu. Katuweka karibu na jiko la kuni. Mama kala nusu andazi la jamu. Sukari imebaki kidevuni, sijaifuta, inampendeza.

Naandika kwa sababu mikono ikikaa bure nitampiga mtu.

Saa nane na nusu. Wageni wanajaa. Hawa ni wale walioteleza asubuhi kutoka Falpaun kuja kula keki, sasa hawawezi kurudi. Barabara imefungwa, kebo imesimama. Buti zinagonga sakafu, watoto wanalia, joto la makoti mabichi. Vinzenz kahesabu: sabini na wanane.

Mtungi wa kwanza umekwisha. Mirjana kabadilisha. Pumzi ya Mama ina sauti, kama birika linalotaka kuchemka.

Redio ya Vinzenz inakoroma. Sauti ya Gebhard kutoka juu: "Niko hapa. Nawasubiri." Yuko kule kwenye upepo tangu saa sita.

Saa tisa na robo. UPEPO UMESHUKA!

Vinzenz kaja mbio. Ni kebo ya zamani hii, vibanda viwili tu, kimoja kinapanda kingine kikishuka. Watu kumi na watano kwa mara moja, dakika tisa safari, pamoja na kupakia tuseme kumi na mbili. Kasema ana muda mpaka saa kumi, labda na dakika chache. Kuna upepo mwingine unakuja kutoka magharibi, ameuona kwenye kipimo. Taa ya njano ikiwaka, bado anaweza. Nyekundu ikiwaka, hakuna wa kumbembeleza.

Kasema kwa sauti: "Mama Zenzi kwanza! Kiti, mtungi, nesi, Roswitha. Halafu wengine."

Na wageni wakapisha! Sabini na wanane wakajibana ukutani, wakafungua njia. Mwanamume mmoja mrefu mwekundu akavua kofia. Nikashika kiti. Nikasukuma. Ilikuwa imekwisha! Wiki nzima, na ilikuwa imekwisha!

Mama kaweka mguu chini. Kiti kikasimama.

Kando ya njia alikuwapo mtoto wa kike, miaka sita hivi, pua inachuruzika, analia bila sauti. Mkononi kashika ufunguo wenye kipande cha mti. Baba alikuwa akivichonga mwenyewe vile, kila kimoja na mnyama wake. Huu ulikuwa na sungura na namba nne.

Mama kautazama ule ufunguo. Kamtazama mtoto. Kasema kwa kile Kijerumani chake cha wageni, kile cha polepole: "Unalala vizuri, mpenzi? Kitanda ni laini?"

Mtoto akamtazama baba yake, yule mrefu mwekundu. Baba kamfasiria. Mtoto katikisa kichwa: ndiyo. Laini.

Sijamwona Mama na uso ule tangu Baba afe. Kang'aa. Kamgeukia Vinzenz.

"Wageni kwanza," kasema.

Nikadhani sikusikia. Nikasema Mama, hapana, Mama, twende. Nikasukuma. Mguu wake haukutoka sakafuni. Kilo arobaini na nne, na sikuweza kusogeza!

Yule Mholanzi kainama: "Tafadhali, bibi, tangulia wewe. Sisi tunasubiri." Mama kamwambia hapana bwana, watoto wana baridi, na Silke huanza kupakua saa kumi na mbili, mkichelewa mchuzi utapoa.

"Mama!" Nilipiga kelele, mbele ya watu wote, sijali. "Wamo chumbani mwako! Wamelala kwenye kitanda chako! Na bado unawapa na kebo!"

Kanishangaa. Kweli kanishangaa, kama niliyeuliza jua linatokea wapi.

"Chumbani mwangu? Februari? Roswitha, una wazimu? Mimi nalala chumba cha pasi. Nimelala pale majira ya baridi arobaini na tisa. Nimempigia Gebhard tangu juzi anisafishie. Kuna joto. Nawasikia wakitembea juu, najua nyumba imejaa, napata usingizi." Ikabidi avute pumzi. Ilichukua muda. "Wewe ulidhani nataka wapi?"

Sikumuuliza. Wiki nzima nimeuliza ambulansi, teksi, helikopta, Gamplin. Yeye sikumuuliza.

Saa tisa na dakika ishirini na nane kibanda cha kwanza kikaondoka na wageni kumi na watano. Mtoto wa sungura alikuwa dirishani, anapunga mkono. Mama kapunga pia.

Saa kumi kasoro robo. Safari ya pili imeondoka. Nimepiga magoti kumbembeleza. Mirjana kambembeleza. Vinzenz kasema Mama Zenzi, mimi ndiye mkuu wa kituo hapa, naamuru. Mama kamwambia: wewe Vinzenz umefunzwa kazi na nani, mgeni anabaki chini, mwenyeji anapanda? Gamplin ndivyo mnavyofanya? Tungeweza kumbeba kwa nguvu. Tumetazamana watatu, tumewaza hivyo wote, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Redio. Gebhard: "Wameshuka wageni. Mama yuko kibanda kipi?"

Vinzenz kanipa redio. Nikabonyeza. Nikasema, "Gebhard, ni mimi. Nisamehe kwa lile la barabara." Halafu nikamwambia.

Upepo tu. Kisha sauti yake, na alikuwa analia, mdogo wangu wa miaka hamsini, juu ya mlima: "Nilijua. Nilijua atafanya hivyo."

Saa kumi kamili. Safari ya tatu imefika juu. Ya nne inapakia. Wageni sasa wanapanda haraka, wenyewe, hawaongei, wanabeba watoto wa wenzao, wanasukumana ndani ili waenee zaidi. Wameingia kumi na minane, Vinzenz kafumba macho. Hakuna anayetutazama usoni. Mwanamke mmoja kaweka glavu zake za manyoya mapajani mwa Mama na kukimbia.

Taa ya njano imewaka.

Mama kafumba macho. Sauti ya birika imepungua, na sijui kama hilo ni jema. Mirjana kashika kifundo cha mkono wake, midomo inahesabu. Mtungi wa pili uko nusu. Nimemuuliza Vinzenz kwa ishara: ikisimama leo? Kasema kwa sauti ya chini, basi mpaka kesho.

Na kesho ni Jumamosi.

Saa kumi na dakika tisa. Kibanda kinarudi, nakiona kinashuka, kinayumba. Taa ya njano haitulii, inapepesa. Vinzenz kasimama mkono juu ya kitufe, jasho linamtoka. Gebhard kwenye redio anasema upepo, upepo, harakisheni.

Mama kafungua macho.

"Wageni wamekwisha?"

Nimegeuka kutazama. Wako mlangoni na mbao zao begani, wazee kwa watoto, wananitazama mimi nijibu. Nimewahesabu mara mbili, kama ninavyohesabu watoto wa mabasi.

"Bado kumi na watano, Mama."

"Haya," kasema, na kavuta glavu za yule mwanamke karibu na kifua. "Wapandishe."